Nimetoa pawasaplai ya wati 290 nikaweka ya 850, sasa mashine inajizima. Mazabodi yangu inataka wati ngapi hasa?

Mkata_Filamu_Bwera | Ijumaa, saa 3:12 usiku

Wakuu habari za usiku. Naombeni msaada kabla sijaua mashine.

Kazi yangu ni kukata video za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho) huku Bwera, Kasese, Uganda. Mashine ni Dell OptiPlex 7020, lile kasha kubwa la kusimama, prosesa i5-4590, RAM GB 16, SSD moja na diski moja ya kuzunguka. Mwaka mzima haijanisumbua, ila kurenda, yaani kompyuta kutoa video iliyokamilika, kwa video ya saa mbili ilikuwa ni kazi ya kulala na kuamka. Mwezi uliopita jamaa mmoja anayehama akaniuzia kadi ya picha iliyotumika, GTX 1660 Super. Kadi ina tundu la pini 8 ubavuni, na pawasaplai ya Dell (kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kasha), ile ya wati 290, haina waya wa tundu hilo.

Nikapanda basi hadi Kampala. Dukani nikapewa pawasaplai mpya imeandikwa 850W kwa herufi kubwa za dhahabu, pamoja na kijiwaya cha kugeuza plagi ya pini 24 iwe ya pini 8, maana mazabodi ya Dell, ile bodi kuu, ina plagi yake ya kipekee. Vyote shilingi elfu 95. Nikafunga mwenyewe, ikawaka, nikashangilia.

Shida ni hii. Intaneti sawa, kufungua mafaili sawa, kupanga vipande sawa. Ukibonyeza kurenda tu, dakika tatu au nne, paa! Inazima na kujiwasha upya. Hakuna skrini ya bluu wala ujumbe.

Mjomba wangu ni fundi wa redio tangu sijazaliwa. Anasema nimeitwisha bodi mzigo wa umeme: ilizoea 290, nimeiletea 850, kwa hiyo inajizima ili isiungue, na siku moja haitaamka. Kaniambia nitafute pawasaplai yenye wati zinazolingana na mazabodi. Nimeikagua bodi yote kwa tochi ya simu, hakuna mahali pameandikwa wati.

Mazabodi hii inataka wati ngapi? Na video ya watu inatakiwa Jumamosi ya wiki ijayo, mama wa bibi harusi ananipigia kila asubuhi kabla sijanywa chai.

Busia_Mpakani | saa 3:20 usiku

Naweka mkeka hapa. Nami nina 7020, nataka kuiwekea kadi.

Kijana_wa_Ntinda | saa 3:31 usiku

Weka ya wati 1000 mkuu, ulale usingizi. 850 imekuwa ndogo.

Fundi_Wandegeya | saa 4:05 usiku

Kijana wa Ntinda, wacha kumwongezea mwenzio deni.

Mleta mada, tuanze na mjomba, kwa heshima zote, maana hofu yake wanayo wengi na nimeisikia hata kwa mafundi wenye maduka. Pawasaplai haisukumi wati ndani ya bodi. Bodi na vilivyochomekwa juu yake ndivyo vinavyovuta. 850 maana yake ni kwamba vikitaka, vinaweza kuvuta mpaka hapo. Vikitaka 60, itatoa 60. Bwawa la Karuma lina megawati 600 na liko kwenye gridi ileile unayochajia simu. Simu yako imeshawahi kulipuka kwa sababu Karuma ni kubwa?

Kinachounguza bodi ni volti zisizo zake. Pawasaplai ya 290 inatoa volti 12, na ya 850 inatoa volti 12 zilezile. Ikiwa nzima, bodi haiwezi hata kujua kwamba umebadilisha.

Na ndiyo maana hukuona wati kwenye bodi. Haziandikwi, kwa sababu bodi peke yake haina namba moja. Bodi hiyohiyo ukiiwekea prosesa ndogo bila kadi itakula kidogo, ukiiwekea i7 na kadi kubwa itakula mara tatu yake. Mtu akikuuliza "mazabodi yako ni ya wati ngapi", mwambie akuulize plagi zake ni zipi, hilo lina jibu. Wati tunazihesabu kwenye prosesa na kadi.

Ila kuzima wakati wa kurenda kunanitia shaka na hiyo dhahabu. Pawasaplai ina karatasi ubavuni yenye jedwali. Tuandikie ilivyo, usiruke kitu.

Mkata_Filamu_Bwera | saa 4:40 usiku

Asante sana mkuu. Nimefungua kasha, naandika kama ilivyo:

+3.3V 22A
+5V 25A
+12V 18A
-12V 0.5A
+5VSB 2A

Chini yake tena 850W. Hakuna kingine isipokuwa picha ya radi.

Fundi_Wandegeya | saa 4:58 usiku

Hahaha, picha ya radi.

Chukua kikokotoo. Wati ni volti mara ampea. 3.3 mara 22 ni 72.6. 5 mara 25 ni 125. 12 mara 18 ni 216. Ile ya -12 yenye nusu ampea ni 6. Ya mwisho ni 10. Jumlisha.

Mkata_Filamu_Bwera | saa 5:03 usiku

429.6.

Mkuu, nimejumlisha mara tatu. 429.6.

Dada_Nasser | saa 5:05 usiku

Banange.

Fundi_Wandegeya | saa 5:21 usiku

Karatasi yao wenyewe imewasaliti. Na hata hiyo 430 usiishike sana, kwa sababu laini za 3.3 na 5 mara nyingi hugawana uwezo mmoja, haziwezi kufika kileleni zote kwa pamoja.

Sasa njoo kwenye kidonda. Kompyuta za siku hizi karibu kila kitu kizito hula kwenye laini ya volti 12. Prosesa hula 12, kadi hula 12. Laini za 3.3 na 5 zilikuwa muhimu zamani, ndiyo maana pawasaplai zenye muundo wa zamani zina ampea nyingi huko na chache kwenye 12, ambako ndiko unazihitaji. Kwako 12 ina ampea 18, yaani wati 216 tu.

Prosesa yako i5-4590 imeandikwa na Intel wati 84. Kadi, 1660 Super, ni wati 125. Hizo mbili peke yake ni 209. Gawanya kwa 12 unapata ampea 17.4. Hapo bado bodi yenyewe, RAM, SSD, diski ya kuzunguka na feni, ambavyo kwa mashine kama yako nakadiria wati 40 hadi 50. Tena kadi za picha zina tabia ya kurukaruka: zinavuta juu ya kiwango chake kwa kufumba na kufumbua, wastani hauonyeshi. Kwa jumla mzigo wako ni wati 250 hadi 260, karibu wote kwenye 12, na laini yako inaishia 216. Hapo ni kwa kuamini karatasi.

Ukikaa kwenye intaneti unakula labda 60 au 70, ndiyo maana iko kimya. Ukirenda, prosesa na kadi vinaamka pamoja, laini inazidiwa, pawasaplai inakata. Mjomba ana haki kwamba kuna kitu kinajikinga. Kamkosea tu mwenye kujikinga.

Mkata_Filamu_Bwera | saa 5:30 usiku

Kwa hiyo nimetoa 290 ya kweli nikaweka 216 ya uongo. Na nikalipa.

Dada_Nasser | Jumamosi, saa 2:10 asubuhi

Nina duka la kubuni kadi na mabango pale Nasser Road, Kampala, mashine sita, na nimeshapitia hayo ndugu yangu. Hesabu ya Fundi siipingi ila nataka uhakikishe kabla hujatoa pesa tena. Mashine kujizima wakati wa kazi nzito inaweza pia kuwa joto. Mimi moja yangu ilinisumbua wiki mbili, nikanunua pawasaplai, kumbe kwenye feni ya prosesa palikuwa na vumbi la karatasi limegandana kama sufi.

Weka programu ya kuonyesha joto, renda, uangalie. Prosesa ikipanda karibu na 100 ndipo inazima, shida ni joto. Ikizima ikiwa 70, rudi kwa Fundi.

Na kama mjomba ni fundi redio basi ana multimita, kile kipima umeme. Pawasaplai yako lazima ina waya ule wa zamani wa plagi nyeupe ya pini nne, wa njano, weusi wawili na mwekundu. Mwambie aweke ncha nyekundu kwenye wa njano na nyeusi kwenye mweusi, kompyuta ikiwa inawaka, halafu wewe bonyeza kurenda. Kiwango cha ATX, yaani kanuni za pawasaplai za kompyuta, kwa pawasaplai za aina hii kinaruhusu volti 12 ipotoke asilimia 5 tu, yaani isishuke chini ya 11.40 wala isipite 12.60. Ncha zisigusane, utajutia.

Papa_wa_Bunia | saa 3:00 asubuhi

Mbona mnazungusha? Rudisha ile 290 ya Dell, nunua kawaya ka kugeuza plagi ya diski kuwa pini 8 ya kadi. Ni elfu kumi. Mie nimefanya hivyo kwa rafiki, inatembea.

Fundi_Wandegeya | saa 3:14 asubuhi

Papa, inatembea mpaka siku itakapokaa. Plagi ya SATA ya diski ina pini tatu tu za volti 12, kila pini ampea 1.5. Jumla 4.5, yaani wati 54. Tundu la pini 8 la kadi lina haki ya kuomba wati 150. Nimeshaona plagi hizo zimeyeyuka mpaka plastiki imeshikana na diski, tukaikata kwa kisu. Kwa mteja mwenye video za harusi ya watu ndani ya diski hiyohiyo, sithubutu.

Afande_Mstaafu_Jinja | saa 4:22 asubuhi

Vijana, hamjambo. Nawasoma kwa raha.

Mmezungumza wati, naomba niseme kuhusu plagi, maana huko ndiko nilikounguza mali ya serikali. Ilikuwa miaka ya 2000 mwanzoni, nikiwa karani kambini. Tuliletewa kompyuta za Dell zilizochoka, za mwisho wa miaka ya 1990. Moja pawasaplai ikafa. Nikachukua ya kompyuta nyingine isiyo Dell. Plagi pini 20, umbo lilelile, imeingia bila kusukumwa, hata mlio wa kukaa nikausikia. Nikabonyeza. Moshi mweupe, na harufu ambayo bado naikumbuka nikipita kwa wachoma pembe.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba Dell wa miaka ile walitumia plagi yenye sura ya ATX lakini waya ndani wamezipanga kwa mpango wao. Kwa hiyo volti 5 ilikwenda mahali pa kitu kingine. Wati zilikuwa zinalingana kabisa, 200 kwa 200!

Siku hizi angalau wamekuwa waungwana, plagi ikiwa tofauti hata umbo ni tofauti. Dell kama yako pini 8, Lenovo nyingi za ofisi pini 14, HP nyingi wana ile ya pini 6. Lakini vijiwaya vya kugeuzia vinauzwa kwenye boksi moja vyote vimechanganyika. Kijana wangu, hakikisha chako ni cha Dell ya aina yako na si cha mashine nyingine.

Mkata_Filamu_Bwera | saa 4:51 asubuhi

Shikamoo Afande. Kijiwaya kimeandikwa 3020/7020/9020. Nimeangalia mara mbili baada ya kusoma habari ya moshi.

Afande_Mstaafu_Jinja | saa 4:55 asubuhi

Marahaba. Hicho ndicho.

Arua_na_Sola | saa 6:30 mchana

Afande umenikumbusha. Mnaonunua mitumba ya kompyuta iliyotoka Marekani, geuzeni kasha muangalie nyuma ya pawasaplai kabla ya kuchomeka. Za zamani na za bei ndogo zina kiswichi chekundu, 115 na 230. Kule kwao wanatumia 120, kwa hiyo inafika imewekwa 115. Sisi tuna 240 ukutani. Mimi nilichomeka ikiwa kwenye 115, sekunde haikupita, mlio kama risasi, watoto wa jirani wakalala chini. Kapasita mbili zimepasuka kama mahindi ya bisi. Bodi ilipona, Mungu mkubwa.

Zisizo na kiswichi mara nyingi zimeandikwa 100-240V, hizo chomeka tu.

Swali langu: natumia sola, betri na inveta. Nikinunua pawasaplai ya 850 ya kweli, betri itaisha haraka kuliko ya 450?

Fundi_Wandegeya | saa 7:15 mchana

Haitaisha haraka kwa sababu ya namba, ila inaweza kwa sababu ya ubora. Tuseme vilivyo ndani vinakula wati 260. Pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 85 itachota 306 kwenye inveta. Yenye asilimia 70 itachota 371. Wati 65 zote zinakuwa joto la kupashia chumba, na Arua hamna uhaba wa joto. Hapo ndipo alama ya ufanisi ya 80 Plus inapokuwa na maana: yenye daraja la Bronze, ikiwa na mzigo wa nusu, lazima ifike 85. Tena usichukue kubwa kupita kiasi, maana ukiwa unachapa barua tu kwa wati 50 kwenye pawasaplai ya 850, iko chini kabisa ya mzigo iliopimiwa, na ufanisi unashuka.

Dada_Nasser | saa 7:40 mchana

Na wenye UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, wasisahau kwamba namba ya UPS ni VA (volti-ampea), si wati. UPS yangu ya 650VA imeandikwa kwa maandishi madogo 360W. Mashine ya wati 306 pamoja na skrini inaifikisha kwenye pumzi ya mwisho. Umeme ukikatika nahifadhi kazi, nazima, naenda kula rolex, chapati na mayai.

Mkata_Filamu_Bwera | Jumapili, saa 10:20 jioni

Ripoti kutoka uwanja wa vita.

Joto kwanza: prosesa ilifika 71, kadi 66, ikazima. Kwa hiyo si joto, asante dada.

Kisha mjomba alikuja baada ya kanisa na multimita yake, ile ya mshale. Nikamwomba tutumie yangu ya kichina ya namba. Tukachomeka ncha kwenye njano na mweusi. Mashine ikiwa imetulia: 11.86. Nikabonyeza kurenda. 11.62. Feni ya kadi ikaanza kupiga kelele: 11.41. Mjomba akainama karibu mpaka miwani ikateleza. 11.30, 11.27. Inacheza hapohapo kama dakika mbili, halafu 11.18, na giza. Ikajiwasha: 11.90.

Mjomba alinyamaza. Kisha akasema, "Hii inashuka, haipandi." Nikamwambia ndiyo mjomba. Akasema, "Sasa kama umeme ni mwingi mbona inashuka?" Nikamwachia hilo swali na chai yake.

Halafu tukaichomoa yote. Mama anauza samaki wakavu na ana mizani. Ya Dell, wati 290, imepita kilo moja na nusu. Ya "850" ni gramu 870. Nikaziweka pembeni kwa pembeni mezani, ya Dell ni ndogo kwa namba na mkono unaichoka.

Bajeti yangu sasa ni elfu 150, siwezi zaidi. Ninunue nini?

Fundi_Wandegeya | Jumapili, saa 11:02 jioni

Huo uzito unasema kweli ingawa si kipimo rasmi. Koili za shaba, vyuma vya kupozea joto na kapasita kubwa vina uzito. Ukitoa vitu hivyo inabaki boksi, feni na herufi za dhahabu.

Usisome namba kubwa ya nje. Nenda moja kwa moja kwenye mstari wa +12V. Wenye kadi hiyo, Nvidia, wanapendekeza pawasaplai ya wati 450. Tafuta ya 450 au 500 yenye ampea 30 na zaidi kwenye 12. Mara 12 inakupa 360, na mzigo wako ni 260. Unabaki na pumzi. Pawasaplai ya kweli utaijua hapo: 12 yake ikizidishwa inakaribia sana namba ya nje.

Iwe na waya wa kadi wa pini 6+2, na ya prosesa ya pini nne. Bodi yako inatumia nne, na nyingi zina nane zinazogawanyika 4+4, unachomeka nusu. Kasha lako la kusimama linakubali pawasaplai ya umbo la kawaida la ATX. Busia, kama yako ni ile nyembamba, sahau, haitaingia hata kwa maombi.

Iliyotumika ya kampuni inayojulikana ni bora kuliko mpya ya jina la kubuni. Muuzaji akikataa usisome karatasi ya ubavuni, ondoka.

Busia_Mpakani | saa 11:10 jioni

Yangu ni nyembamba. Nimeumia. Sasa nifanye nini?

Fundi_Wandegeya | saa 11:26 jioni

Acha pawasaplai yako ya Dell mahali pake. Tafuta kadi isiyo na tundu la waya, inayokula kwenye soketi ya bodi peke yake. Soketi hiyo kwa kanuni inatoa hadi wati 75. GTX 1050 Ti ni 75, GTX 750 Ti ni 60. Kwako lazima iwe ile fupi ya kimo na bati lake fupi. Pima kwa rula kabla ya kulipa. Prosesa 84, kadi 75, vingine 45, jumla 204, na pawasaplai ya mashine yako nyembamba ni 255. Inatosha, ila haijabaki nafasi ya kujidai.

Kijana_wa_Ntinda | saa 1:05 usiku

Sawa nimekoma na 1000 yangu. Ila mimi naunda mpya kabisa: Ryzen 5 5600, bodi ya B450, RTX 3060. Ngapi?

Fundi_Wandegeya | saa 1:30 usiku

Prosesa imeandikwa 65 lakini ikikimbia inapita hapo, tuihesabie 88, kadi 170, weka 50 ya vingine. 308. Wao Nvidia wanasema 550 kwa kadi hiyo, chukua 550 nzuri, usiende mbali. Bodi nyingi za namna hiyo zina tundu la pini 8 kule juu kwa ajili ya prosesa. Angalizo moja: waya wa pini 8 wa kadi na waya wa pini 8 wa prosesa vinafanana, na ukitumia nguvu vinaingiliana. Njano na nyeusi zimepangwa kinyume. Soma maandishi kwenye plagi, CPU au PCI-E. Kikigoma kuingia, kina sababu.

Afande_Mstaafu_Jinja | saa 1:34 usiku

Na kikiingia kirahisi pia, soma.

Papa_wa_Bunia | saa 2:00 usiku

Fundi, nimempigia yule rafiki wa kawaya. Nimemwambia azime kwanza. Plagi ilikuwa ya moto kushika. Tumekitoa.

Mkata_Filamu_Bwera | Alhamisi, saa 2:45 asubuhi

Wakuu, nimerudi.

Nilimtuma binamu yangu aliyeko Kampala, nikamwambia asitazame kitu kingine ila mstari wa +12V, na anipigie video. Duka la kwanza lilikuwa na "700W" yenye ampea 20. Duka la pili muuzaji alisema karatasi imebanduka. Duka la tatu, mzee mmoja anauza zilizotumika, akatoa moja ya wati 500, Bronze, +12V ampea 38. Nikazidisha hapohapo kwenye simu, 456. Elfu 140 baada ya kupatana. Ikaja na basi la usiku, nikaifuata Kasese asubuhi kwa boda.

Kabla ya kuifunga niliipima peke yake kama nilivyofundishwa zamani: waya wa kijani na mweusi kwenye ile plagi kubwa nimeunganisha kwa kipande cha waya, feni ikazunguka. Nikafunga. Mjomba akashika multimita mwenyewe, hakunipa. Imetulia: 12.09. Kurenda: 12.03. Kelele za feni: 12.01. Tumekaa tunaitazama 12.01 kama watu wanaotazama penalti.

Video ya saa mbili, dakika 38. Nimekabidhi jana jioni. Mama wa bibi harusi kaniuliza kama naweza kuongeza maua kwenye mwanzo.

Dada_Nasser | saa 2:58 asubuhi

Mwambie maua ni elfu 30.

Fundi_Wandegeya | saa 3:10 asubuhi

Safi sana. Mjomba kasemaje?

Mkata_Filamu_Bwera | saa 3:22 asubuhi

Kasema redio zilikuwa hivyohivyo, ukiipa betri dhaifu inakoroma ukiongeza sauti, na kwamba alijua tangu mwanzo.

Busia_Mpakani | saa 3:40 asubuhi

Na ile 850 umeirudisha dukani?

Mkata_Filamu_Bwera | saa 4:15 asubuhi

Niliwapigia, wakasema nimeshaifungua mfuko. Niliiacha siku tatu bila umeme, Afande alinionya faragha kwamba kapasita za ndani zinaweza kukuchapa hata ikiwa imechomolewa. Jana nimetoa feni peke yake. Ni ya volti 12, nimeiunganisha na betri ndogo ya sola, na mama anaitumia kupulizia sigiri. Samaki wanachomwa haraka sana siku hizi.